Mbuzi Wawili na Karatasi ya Mutoto

Rafiki yangu, kaa karibu nikwambie jambo ambalo miaka mingi nililiambia mukeka wa kuswalia peke yake. Najua we utalibeba vizuri.

Mutoto yangu wa kwanza alizaliwa hapa mutaa wetu wa Jabe, vita haijaanza. Mukunga, jirani yetu, alimuangalia, akamufunika, akaniambia pole pole kwamba mwili ya mutoto haijaonyesha bado kama ni kijana ao binti. Mungu ndiye amemuumba hivyo, akasema, na afya anayo. Tusikimbilie kumupeleka hospitali akakatwe. Tungoje. Mi nikangoja, na nilimupenda siku ile ile.

Siku ya akika, ya kumuchinjia mutoto, ikafika. Kwetu Waislamu, kijana anachinjiwa mbuzi wawili, binti mumoja. Bwana yangu alizunguka uwanja asubuhi yote, kisha akaleta wawili. Aliogopa asije akamunyima mutoto haki yake.

Vita ikaja, tukahama, tukarudi. Mutoto akakua binti. Si mi niliyemuchagulia: mwenyewe aliomba mutandio, mwenyewe alisuka wadogo zake. Kila tulipokimbia nilibeba musahafu na akte, karatasi yake ya kuzaliwa, mu mufuko mumoja ya plastiki. Sikujua kuisoma. Shule ya karibu ilimupokea bila kuuliza karatasi.

Halafu nikaanza kozi ya jioni ya kusoma. Vitabu havikuwepo, mwalimu akatuambia kila mutu alete karatasi yoyote ya nyumbani tujifunzie. Nikapeleka ile akte. Nikaifuata na kidole, herufi kwa herufi, mpaka nikafika pa «masculin», ni kusema mwanaume.

Nikaikunja. Mutoto alikuwa karibu kuingia sekondari ya wasichana. Kwa karatasi ile wangemurudisha, ao wangemuvua nguo wahakikishe. Na pale askari wanaposimamisha watu barabarani, wanaangalia karatasi, kisha wanaangalia uso.

Nilipomuuliza bwana yangu, akanieleza siku aliyoenda kuandikisha mutoto. Karani alimuuliza kijana ao binti, yeye akasema bado tunangoja. Karani akamuuliza amechinja mbuzi wangapi. Akasema wawili. Karani akaandika bila kuinua macho.

Nikaswali, nikamuuliza shehe. Akaniambia vitabu vyetu vinamujua mutu wa namna ile tangu zamani, ana haki zake, na aibu hakuna. Nikaenda tribunali, mahakama ya Rohero, na mutoto na mukunga, na barua ya daktari aliyemupima mutoto peke yetu watatu, mulango umefungwa.

Jaji alikuwa mwanamuke. Habari ya mbuzi ilimuchekesha. Aliuliza kama kumbe mbuzi ndio walikuwa mashahidi. Kisha akasoma barua mara mbili. Mi nikasema:

«Mama jaji, uliza yote unayotaka. Lakini mutoto yangu hatavuliwa nguo hapa.»

«Apana, mama. Hakuna mutu atavuliwa nguo mbele yangu.»

Akamuita mutoto karibu, akamuuliza yeye ni nani.

«Mi ni mutoto ya mama,» akajibu. «Na ni dada ya wale wadogo wawili nyumbani. Wananisumbua sana.»

Jaji akacheka tena, akaandika uamuzi. Mu akte, pembeni, wakasahihisha neno moja. Mi mwenyewe nikalisoma kabla ya kutoka, bila kidole.

Akaenda shule. Asubuhi ya kwanza alinitaka nimukazie mutandio, nikaukaza kupita kiasi, akalalamika njia yote. Mpaka leo nikikumbuka malalamiko yale nashukuru.

Sasa ninakuomba, rafiki. Jina usitaje, lakini habari hii ipeleke. Kama unajua mama amezaa mutoto kama wangu, mwambie asikubali kisu cha haraka, na asimuache karani aandike wakati yeye bado anafikiri. Na kama wameshaandika vibaya, mwambie karatasi inasahihishwa. Mi niliiona.