Koti la Rahma

Nikisikia harufu ya dawa ya nondo, mate hunikauka. Juzi nilifungua kabati la mama, hapa hapa Hodge Hill, Birmingham, ikanipiga usoni, nikajiona tena nina miaka saba, nimevaa koti la marehemu. Msinicheke.

Rahma alikuwa binti wa pekee wa Mama Mkubwa Zuwena wa Rotterdam, dada yake mama. Rahma alifariki mwaka mmoja kabla ya safari yetu. Paspoti yake nyekundu ya Kiholanzi ilikuwa bado hai, na sura zetu shilingi kwa ya pili. Mama alikuwa Birmingham akitunza wazee. Mimi nilikuwa Rotterdam kwa Mama Mkubwa, na viza ya kumfuata mama nilinyimwa mara mbili. Mama Mkubwa akasema atanipeleka mwenyewe, kwa basi, kwa jina na koti la mwanawe.

Nilikaa dirishani nikiungoja mpaka wa Ubelgiji.

"Tumeshaupita zamani, mwanangu, ulikuwa unatafuna mkate," akacheka Mama Mkubwa.

Mlango wa ukaguzi ulikuwa mmoja tu, Calais, kwa Waingereza. Tulishushwa. Kioo cha kibanda cha paspoti kilimeremeta kwa jua, mtu sikumwona, nikasikia sauti tu: "Rahma?"

Nikanyamaza. Bibi kule Unguja alitufunza sote: ukiitwa na usiyemwona, usiitike, ukiitika, umejitoa. Sauti ikaita tena. Mama Mkubwa akanibana mkono. Nilijua nikinyamaza simwoni mama. Nikiitika, sikujua atakayepita pale ni nani.

"Abee," ikajibu sauti ya mtoto.

Mpaka leo siwezi kuapa kwamba ilikuwa yangu. Mama Mkubwa aligeuka ghafla, akatazama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. Tukaruhusiwa.

Mlangoni Hodge Hill mama alinikumbatia akilia, "Saada! Saada wangu, come here!" Mama Mkubwa hakutaka hata chai. Alinifunga vifungo vya koti kimoja kimoja, ingawa tulikuwa ndani, akanibusu kwenye paji la uso.

"Kaa na mama yako mdogo, Rahma. Usimsumbue."

Akarudi peke yake. Nilidhani amekosea jina kwa uchovu, nikamcheka.

Sasa na mimi nina binti, na nimeelewa kwa nini mama hakuthubutu kulitupa koti lile. Mama Mkubwa hakukosea jina. Kaburi la mwanawe liko Rotterdam, lakini kwenye vitabu vya mpakani Rahma hajafa. Aliingia Uingereza mchana ule, ameshikwa mkono na mama yake, na mpaka leo hajatoka.