Habari Niliyotaka Kuiuza Kilimani

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko siku niliyooa, na mke wangu asisome hapa. Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita vile vya kujitenga, ambavyo serikali iliviita vya shifta. Sisi tuliokuwa katikati hatukuulizwa tuviiteje. Nilikuwa kijana wa Garissa, muuza ngozi na majani ya chai, mtu asiyekubali bei ya kwanza hata akitajiwa saa.

Naandika haya kwa sababu vijana wa leo mnapenda kutembea. Mnabeba mabegi mnakwenda kuona vijiji vya milimani, historia yao na mila zao, mnapanda miamba kwa kamba, mnarudi na picha. Vizuri sana. Nami nilitembea hivyo kabla hamjazaliwa, bila kamba na bila picha, na nikarudi na aibu ambayo sijaimaliza hadi leo.

Mama yangu alizaliwa katika kijiji kilichokaa juu ya kilima cha mawe, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Tarbaj. Nilikisikia tangu utotoni. Kulikuwa na visima vya kale vilivyochongwa ndani ya mwamba na watu ambao wazee walidai walikuwa warefu kama twiga. Kulikuwa na makaburi ya mawe yaliyorundikwa, na hakuna ajuaye ni ya nani. Zaidi ya yote kulikuwa na mbio. Kila mwaka baada ya mvua, vijana walipanda uso wa mwamba miguu mitupu, na wa kwanza kugusa rundo la mawe kileleni alisomewa majina ya mababu zake kumi na wawili mbele ya watu wote. Nilitaka ya kwangu yasomwe. Safari yote ilikuwa hiyo.

Wakati huo mtu hakusafiri bila kibali. Karani alinipa siku tatu, nikataka kumi, tukakutana kwenye sita. Nikapanda lori la bidhaa mpaka Tarbaj. Alfajiri, nikinywa chai, niliona malori manne ya askari. Nikayahesabu tena, yakawa manne. Dereva wao mmoja alikuwa akimlalamikia mwenye mkahawa kwamba leo hatakula mchana, maana adhuhuri wanakwenda kukalia visima vya bondeni, chini ya kilima kile kile cha mama yangu. Amri ilikuwa mifugo isitoke nje ya ua wa kijiji, na wanyama watakaokutwa visimani wangechukuliwa wote. Nikamaliza chai nikaondoka.

Sasa sikiliza desturi. Kwetu mgeni akifika haulizwi jina. Anaambiwa, "Warran," yaani toa habari. Naye hutoa zote kabla ya kumeza maziwa: mvua imenyesha wapi, nyasi zikoje, nani amefariki, askari wako upande gani. Hiyo ndiyo ruhusa ya kuingia kijiji chochote kuanzia Diff mpaka Mandera, na haina kupunguziwa.

Mama wa mama yangu, tuliyemwita Ayeyo Dahabo, alinipokea langoni saa nne asubuhi na kibuyu cha maziwa. Akaniambia nitoe habari. Nikajibu kwamba ni amani tu. Yale malori niliyaficha moyoni kama ngozi nzuri unavyoificha chini ya mbovu, ukingoja mnunuzi anayefaa.

Nikala, nikanywa, nikatembezwa. Visima vile vya kale nilivikuta kweli pale juu, vimekauka, vina ngazi ishirini na mbili za mwamba, nilizihesabu nikishuka na nikipanda. Nikacheza shax, ule mchezo wa kokoto mchangani, nikashindwa mara mbili na mzee asiyeona vizuri. Jua lilipokaribia utosini, nikaomba kukimbia katika mbio za mwaka ule, zilizopangwa jioni ile ile. Ayeyo akakataa. Akasema mbio ni za waliozaliwa kilimani, na mtoto wa binti yao ni mgeni, anakula, analala, anatazama. Wajomba wakacheka, mmoja akauliza kama watu wa Garissa wanajua kilima ni nini au nacho wanakinunua kwa kilo.

Ndipo nikatoa bidhaa yangu.

"Ayeyo, nina habari ya askari. Nipe nafasi kwenye mbio, nami nitaitoa."

Ayeyo aliniangalia jinsi unavyomwangalia mtu aliyekuletea mbuzi mgonjwa sokoni akimsifu.

"Nafasi umepata," akasema. "Toa."

Nikatoa. Sikuwa nimemaliza, akageuka kutazama jua. Habiba, binti wa mjomba wangu mkubwa, alikuwa ameshuka tangu asubuhi kwa njia ya nyuma kwenda kunywesha mbuzi bondeni. Walikuwa mbuzi wa kijiji kizima, zaidi ya mia mbili. Ngamia wao walikwisha kuchukuliwa mwaka uliotangulia. Mbuzi hao wakienda, kijiji hakina maziwa wala cha kuuza.

"Kimbia basi," Ayeyo akaniambia. "Mbio zako ndizo hizi."

Tulishuka watu kumi na mmoja. Mimi nilifika wa kumi na mmoja, magoti yakivuja damu. Vumbi la malori lilikuwa limeshaonekana. Habiba hakuuliza maswali, alipiga mluzi, na mbuzi wakaugeukia mwamba. Mbuzi hahitaji kamba. Walipanda huku tukiwasukuma, mawe yakitumbukia nyuma yetu. Malori yalipofika, mbuzi kumi na tisa walikuwa bado wameinamisha vichwa kwenye maji. Habiba alitaka kurudi, kaka yake akamshika.

Ofisa akasimama chini, akapaza sauti kwamba mkusanyiko bila kibali umepigwa marufuku, tushuke wote tuandikwe majina. Ayeyo alikuwa amefika ukingoni na fimbo yake. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia samli, na kupanda kwake kulikuwa "kubanda", lakini kilifika.

"Hii si mkutano. Hii mbio. Kila mwaka sisi nabanda. Baba yangu alibanda, baba yake alibanda. Wewe hukuwa."

"Mama, shuka niandike majina."

"Banda wewe. Sisi iko hapa, hatuendi."

Ofisa akautazama mwamba, akatazama viatu vyake, akautazama mwamba tena. Askari wake mmoja akageuka pembeni, nadhani akicheka. Wakapakia wale kumi na tisa, wakaondoka.

Sisemi hatukuogopa. Lakini Ayeyo aliamuru mbio zikimbiwe jioni ile ile, wakirudi watukute tunakimbia. Nami nikahesabu mbuzi, nikarudia. Kumi na wawili waliopotea walikuwa wa mjane jirani, na saba wa Ayeyo mwenyewe. Kama ningesema langoni, Habiba angeitwa juu mapema na hesabu ingekuwa kamili.

Ayeyo akanikuta nikijifunga vitambaa mikononi kujitayarisha kwa mbio.

"Nafasi yako ipo, sivunji neno," akasema. "Gusa yale mawe, nitakusomea babu zako kumi na wawili. Na kila mmoja nitamwambia ulichotaka kumuuzia nyanya yako."

Sikukimbia. Nilikwenda kukaa ukingoni kutazama barabara, na kila nilichokiona, hata punda mmoja na mwenye kuni, nilikitangaza bure kwa sauti kubwa. Nyuma yangu watu walipiga makofi, na Habiba, sikutegemea, akawapita kaka zake wote.

Basi nenda, mwanangu, ukatembelee milima. Uliza historia yao, cheza michezo yao, ushindwe kwa adabu. Ila ukifika langoni, toa habari zako kabla hujapokea chochote. Bei nyingine zote zipiganie, hata ya chumvi, lakini neno linaloweza kuokoa mali ya mtu au roho yake usilitie bei. Na akija mwenye viatu vikubwa akakuambia kucheza juu ya kilima chako kunahitaji karatasi yake, usimtukane wala usimkimbie. Mwambie apande, kisha endelea na mchezo.

Mwenyezi Mungu akupe nyayo zisizoteleza, na wenyeji watakaofurahi kukuona ukija, na moyo usioshuka kwa sababu tu umeamriwa ushuke. Amin.