Ua Lililotazama Chini

Shingo ya Bi Povu, mfua nguo, ilikuwa haiinuki. Miaka ya kuinamia beseni iliifunga kabisa, ikawa hata mvua ikitaka kumlowesha uso, sharti ipande kutoka chini. Na mwanamke wa shingo hiyo ndiye aliyeamka siku moja akatangaza kwamba anakwenda kutazama kuba la kaburi la wafalme.

Sababu ni mumewe. Fundi vigae huyo aliitwa Mzee Chumvi kwa hadithi zake: mamba aliyemfunga mdomo kwa kamba ya kiatu, upepo uliombeba na ngazi yake hadi paa la jirani. Lakini moja aliiapia. Ujanani, walipolikarabati kuba lile, alikipachika kigae kimoja chenye ua kichwa chini kwa ajili ya mchumba wake, ndiye Bi Povu huyu. Maua yote yatazame mbinguni, lile moja limtazame yeye. Wajukuu walicheka, wakamwita mwongo. Tangu hapo mzee alinyamaza, akawa analala akiuelekea ukuta huku chakula kinapoa. Na wiki iliyofuata mafundi wapya wangekuja kuvibandua vigae vyote.

Bi Povu akalitoa sinia lake, akalisugua kwa majivu mpaka nzi aliyetua akajiona, akaona haya, akaondoka.

Njia nzima binti yake aliyemsindikiza alilalamika kwamba watafukuzwa. Bi Povu akamwambia anayeona aibu atembee upande wa pili wa barabara.

Walipovua viatu mlangoni, msimamizi alilitazama sinia akasema humo ndani hakuliwi.

"Najua, baba. Macho yangu ndiyo yana njaa, na shingo imegoma kuyapeleka."

Msimamizi akakuna ndevu, akawapisha.

Wakawatolea salamu waliolala humo. Kisha Bi Povu akalishika sinia usawa wa kiuno, na kuba lote likamjia. Chumba kilianza na pembe nne kama chumba chochote. Kule juu zikawa nane, vijishubaka vikapandana kama sega la nyuki, halafu pembe zote zikapatana kuwa duara. Mwanga ulipenya kwenye mawe yaliyotobolewa mithili ya kitambaa cha tarizi. Kuba liliingia kwenye sinia na kina chake chote, hata akakunja vidole vya miguu asije akatumbukia. Waliojenga hapa, aliwaza, hawakuwa na mtu wa kuwaharakisha.

Akaanza kujizungusha polepole, akiufuata mshipi wa vigae vya buluu. Maua, maua, yote yametazama juu. Sinia likaanza kumlemea.

"Mama, twende. Mimi nimeangalia, sioni kitu. Baba si tunamjua?"

"Nimekuja kuona, sikuja kuambiwa. Shika upande huo."

Binti akashika. Wakazunguka pamoja kama watu waliobeba supu ya moto, mpaka wakafika juu ya dirisha lenye ufa. Hapo sinia likasimama, na binti akasahau kulalamika.

Nyumbani, mzee alikuwa bado na ukuta wake. Bi Povu akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nimeliona."

Sauti ndogo ikauliza, upande gani.

"Juu ya dirisha lenye ufa."

Mzee akageuka. Bi Povu akamsogezea chakula, kikiwa juu ya sinia lilelile.

"Kula kwanza. Halafu unieleze vizuri, yule mamba ulimkutia wapi?"