Herufi Tumboni kwa Baba

Nilisikia mkoromo kabla sijamwona Baba amelala kochini, shati limepanda tumboni, sanduku liko mlangoni. Jioni hiyo alikuwa anarudi kwao Kenya. Mama alikuwa jikoni, akipika chapati.

Juzi niliona kasa kwenye tangi la maonyesho Houston, nikakumbuka mchana ule wa utotoni mjini kwetu Mesquite, Texas, harufu ya zulia lenye joto na chapati. Jirani yetu, Mzee Alban, alizaliwa kisiwani Karibi enzi za merikebu za matanga. Aliniambia baba yake aliwachonga kasa herufi ya jina lake tumboni kabla ya kuwauza mbali. Mmoja alitoroka dhoruba ilipovunja ua wao huko ugenini, akanaswa tena kwenye mwamba ule ule alikokamatwa mwanzo, herufi ingalipo.

Basi nikachukua kalamu, nikamwandikia Baba N kando ya kitovu. Akaamka.

"Wewe Nafula, unanitekenya?"

"Ni herufi yangu. Ndio urudi."

Hakuifuta. Alifunga vifungo vya shati polepole, kimoja kimoja.

Sasa najua kasa yule hakumfuata mwenye herufi. Alikuwa akirudi kwao.

Baba alinishika kichwa, akabeba sanduku, na mlango ukajifunga nyuma yake.