Siku Mwalimu wa Fizikia Aliposema Hajui

Mwezi uliopita nilipita Chumbageni, nikasimama mbele ya nyumba ambamo bibi alinilea. Ukuta umepakwa rangi mpya, na uani, palipokuwa na jiko la mkaa, pameegeshwa pikipiki. Wewe uliyekulia kwa bibi yako utanielewa: macho yaliona pikipiki, pua ikasikia mkate wa kumimina.

Bibi alikuwa Mpemba, mpishi hodari, na kazi yangu kila jioni ilikuwa kuosha vyombo. Nilikaa juu ya kigoda, beseni mbele yangu, taarabu ya redio ya jirani ikivuka ukuta. Hapo ndipo nilipoona upawa ukiwa nusu majini unaonekana umevunjika. Nikiutoa, mzima. Nikiurudisha, umepinda. Bibi alisema nacheza badala ya kuosha.

Nikiwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa fizikia, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, alitueleza sababu: mwanga ukiingia majini hupunguza kasi, ndiyo maana hupinda. Nilirudi nyumbani nimefurahi kama niliyepewa kanga mpya. Wiki iliyofuata akasema kasi ya mwanga haibadiliki, popote, kamwe. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, na ule wa kwenye maji?"

Darasa likaangua kicheko. Wallahi sikuwa namfanyia ujuvi, nilitaka kujua tu. Lakini yeye aliona nimemuumbua. Akanitoa nje na kuniambia nisirudi bila mzazi.

Baba alikuwa akiuza machungwa Muheza. Habari zilipomfika alipiga simu dukani kwa jirani: kama shule yenyewe ni kubishana na walimu, niende huko nikamsaidie kuuza. Nililia mpaka bibi akaacha kukanda unga.

Asubuhi akavaa baibui lake, akanishika mkono kama mtoto wa chekechea. Mwalimu alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti. Bibi hakukaa.

"Marahaba, mwanangu. Huyu mtoto kakutukana?"

"Hapana, bibi."

"Kasema uongo?"

Mwalimu alinitazama mimi, kisha sakafu. "Hilo sina hakika."

"Basi mtafutie hakika. Babaake ataka kumtoa shule."

Nilirudishwa darasani siku hiyohiyo. Siku tatu hakutaja mwanga hata mara moja, na mimi sikuthubutu kumtazama. Siku ya nne aliingia na chaki peke yake. Jasho lilikuwa limemlowesha kola, na feni haikuwa mbovu.

"Nilisema popote," akaanza. "Nilikosea. Majini na kwenye kioo mwanga hupunguza kasi. Kasi isiyobadilika ni ile ya mahali patupu kabisa, pasipo hata hewa. Hapo, ukipima umesimama au unakimbia, utapata ileile. Mwenzenu aliuliza swali la haki, nami nikamtoa nje. Nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Na mimi, kwa utoto wangu, badala ya kunyamaza nikauliza tena: je, zamani sana, dunia ilipokuwa bado changa, kasi hiyo ilikuwa ileile?

Wenzangu walinigeukia. Mwalimu akageuza chaki vidoleni, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

"Sijui. Wapo wanaopima mwanga wa nyota za mbali, uliotoka huko zamani hizo. Nilivyosoma, hawajaona tofauti. Lakini mimi sijui."

Bibi alimsimulia baba. Jumamosi baba alituma kikapu cha machungwa, akaagiza nimpelekee mwalimu, na habari ya mimi kwenda Muheza haikuzungumzwa tena.

Bibi amekwisha tangulia mbele ya haki. Mwalimu alihamishwa mwaka uliofuata, na sijapata mtu wa kunieleza yuko wapi. Hata darasa lile limebomolewa likajengwa upya.

Mimi sasa nafundisha fizikia katika shule ya Mabawa. Mwaka wangu wa kwanza nilikosea hesabu ubaoni, na msichana mmoja akanyoosha mkono. Macho hamsini yalinielekea, nami nikatamani kumwambia akae chini. Ndipo nilipojua yule kijana alibeba mzigo gani siku ile aliyoniomba msamaha, na kwamba nilimpelekea machungwa tu, asante sikumpa.