Sigara Moja Kabla ya Maulidi

Mama alitaka kitu kimoja tu kutoka kwangu, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Alinitumia habari kutoka kwetu Mutsamudu, kisiwa cha pili, kwamba dada yangu ataolewa baada ya miezi mitatu, na kwenye maulidi ya harusi nisome mimi ule mlango wa kuzaliwa Mtume, aliokuwa akiusoma marehemu baba. "Mwambie nataka kumsikia baba yake mara moja tena." Watu wote walikuwa wakisema sauti ya baba nimeirithi mimi. Kweli nilikuwa nimeirithi, ila nilikuwa naikaanga kwa pakiti nzima ya sigara kila siku.

Nilikuwa karani Moroni, nimeoa Ikoni na nakaa huko huko kwa mke wangu. Dawa niliijua. Mwaka mmoja niliugua nikaacha sigara mwezi mzima, sauti ikarudi safi kabisa. Basi mimi mjanja nikapanga: miezi ipo mitatu, mmoja unatosha, ya nini kujitesa sasa hivi?

Ramadhani ikaingia katikati ya mpango huo, ikaniumbua. Tangu alfajiri mpaka magharibi sigusi kitu, na wala sifi. Lakini adhana ikilia tu, mkono unakwenda kwenye kiberiti kabla ya kwenda kwenye sahani. Mke wangu alikuwa akinitazama na kutikisa kichwa. "Mtume alifungulia tende, baba watoto. Wewe unafungulia moshi." Nikamjibu aniache, bado siku nyingi.

Ikaisha Ramadhani, ukabaki mwezi. Nikasema wiki tatu zinatosha. Zilipobaki tatu nikasema mbili. Wasiovuta hudhani mvutaji haijui hasara yake. Anaijua sana, bwana! Ila hasara ya mwezi ujao anaiona kama itamkuta mtu mwingine, na sigara iko hapa, mkononi, inanukia.

Zilipobaki wiki mbili nikaacha kweli. Lahaula, siku zile! Niligombana na watoto, niligombana na mlango uliokwama. Siku ya tisa nikajaribu kusoma uani, na mke wangu akatokeza kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Imerudi," akasema. Nilifurahi kama mtoto aliyevishwa kanzu ya Idi.

Kesho yake asubuhi, tukielekea Moroni kwa teksi, askari wakatusimamisha. Wakati ule nchi ilikuwa mikononi mwa mamluki na vizuizi vyao havikuwa habari mpya. Tukateremshwa, tukapangwa juani, vikapu vikamwagwa chini. Tulisimama mpaka miguu ikafa ganzi, na hakuna aliyetuambia kosa letu. Kisha yule Mzungu mkubwa wao, katika sare yake nyeusi, sijui moyo ulimlainikaje, akatoa pakiti na kupita mbele yetu akigawa sigara.

Kando yangu alisimama jirani yangu mwalimu, mvutaji kunishinda mimi, meno yake ya njano kama manjano yenyewe. Akaweka mikono nyuma. "Asante, sivuti," akasema kwa Kifaransa, macho mbele.

Mimi nilipokea. Nikainamia kiberiti cha mtu aliyekuwa ametuanika kama dagaa, naye akaniwashia. Na nisiseme uongo: sijawahi kuvuta sigara tamu kama ile. Utamu wake haukufika hata nusu ya njia. Ndani ya teksi hakuna aliyenisemesha, isipokuwa mwalimu, taratibu: "Hata leo?"

Jioni nikanunua pakiti. Nilijiambia kwa kuwa nimeshaharibu, basi nitaacha baada ya harusi. Hebu niambie, huo ni upumbavu wa namna gani? Siku tano bado zilikuwepo!

Maulidi yalisomwa alasiri, uani kwetu Mutsamudu, wanaume kwenye mikeka, wanawake ghorofani nyuma ya madirisha, mama akiwa miongoni mwao. Nilianza vizuri. Nikafika mstari ule mrefu ambao ukikamilika watu wote husimama. Pumzi ikakatika. Nikakohoa, nikajaribu tena, nikakohoa mpaka machozi. Wengine walikuwa wameshasimama, wengine wamekaa, wanatazamana. Mjomba wa bwana harusi akanitoa kitabu mkononi kwa adabu, akamalizia yeye.

Watu walipotawanyika nikapanda kwa mama. Nilitamani anitukane. "Nisamehe, mama," nikasema. "Nimekuaibisha."

"Hujaniaibisha. Ulisoma kama baba yako kabisa."

Nikamwambia asinifariji kwa uongo.

"Si uongo. Wewe ulikuwa ng'ambo, Majunga, hatukukuandikia. Mwaka wake wa mwisho alikuwa akifika pale pale, anakatika, anakohoa, na watu wanamsubiri. Halafu anatoka nje kuvuta."

Mama akanishika shavu kwa kiganja, kama anampima mtoto homa.

"Niliyemtaka ni yule wa zamani, mwanangu," akasema. "Huyu wa leo nilishamzika."