Tulijaribu kuchanganya stout na sparkling wine kwa nyumba, baba ya dem wangu akatokea

Wakuu, niaje. Hii imenitokea mimi mwenyewe, na Nafula, dem wangu, amesoma kabla nipost, so siwezi danganya hapa.

Naishi mtaa wa Kongo, huku Kawangware. Nafula alihamia kwangu mwaka jana bila kuambia babake. Mzee anauza makaa mtaa wa Silanga, na tangu ajue, hakuwa anashika simu za Nafula. Kila Jumapili Nafula anapiga, inalia mpaka inakata. Anaweka simu chini, anaanza kuosha vyombo ambazo ni safi.

Sasa, boss wake wa salon akampea chupa ya sparkling wine. Mimi nilikuwa nimeona video ya watu wakichanganya hiyo kitu na stout, ile bia nyeusi, nusu kwa nusu. Jumamosi mchana nikanunua stout, tukaketi.

Hatuna zile glasi za miguu mirefu. Tulitumia glasi za maji.

Kosa letu: nilimwaga stout kwanza, halafu wine kwa nguvu. Wakuu, povu ilipanda kama maziwa imesahaulika kwa jiko! Meza, vitambaa, remote, zote zikaoga.

Tukiwa tunapanguza, simu ya Nafula ikalia. Babake.

"Niko hapa stage yenu. Nielekeze."

Sijawahi ona mtu akivaa leso haraka hivyo.

Mzee akaingia, akasimama mlangoni. Nyumba inanuka bar. Mimi niko kwa magoti na tambara mkononi.

"Kwa hivyo hii ndiyo kazi mnafanya mchana?"

Nafula ndiye alijibu.

"Ni stout, baba. Tulikuwa tunaichanganya na wine."

Mzee akaangalia chupa. (Huyu ni mtu wa stout, tena ya moto, hataki ya fridge.)

"Nani aliwafundisha kuharibu stout?"

Sijui nilitoa wapi ujasiri. Nikamwambia, "Mzee, keti kwanza uonje, ndio ukasirike vizuri."

Akaketi. Safari hii nilianza na wine mpaka nusu glasi. Halafu nikageuza kijiko juu yake, nikamwaga stout pole pole kwa mgongo wa kijiko. Ikakaa juu, nyeusi, chini dhahabu. Haikumwagika hata tone.

Mzee akainua kwa dirisha, akaizungusha, akanywa.

Akanywa tena. Povu ikabaki kwa masharubu.

Nafula akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka. Mzee akajipanguza, akaona povu kwa mkono wake, na yeye akaanza kucheka. Nafula akacheka mpaka akalia, halafu nikaona ni kulia sasa, si kucheka.

Mzee akaweka glasi chini.

"Nilikuwa nimekuja kukurudisha nyumbani," akamwambia.

"Na sasa?"

"Sasa nimekunywa. Siwezi beba mabegi."

Akaniangalia mara ya kwanza tangu aingie.

"Kijana, uko na wazazi?"

"Niko nao, mzee."

"Waambie waje Silanga. Msichana wangu hachukuliwi kama paka."

Nikasema sawa.

Alimaliza glasi, akaomba ingine, akaenda akiwa amempa Nafula mkono. Jumapili Nafula alimpigia simu, mzee akashika.

Nilichojifunza: wine kwanza, stout juu, kijiko, na usiwe na haraka. Ladha ni kama kahawa chungu imeamua kwenda sherehe. Na mzazi akija na hasira, mpe kiti kabla umpe maelezo.

Sasa wakuu mlio na experience, nisaidieni. Wazazi wangu wamekubali kwenda. Lakini mathee wangu ni wa kanisa, hajawahi gusa pombe, na baba Nafula ameshauliza kama tutabeba ile kitu. Hapo mnanishauri aje?